Turubai la Yunisi

Jina la Mrija, Ferdinand Simkonda hakupewa na wazazi wake, wala halimo katika cheti chake cha ubatizo. Alilipata makaburini, huko Itaka, siku ya kumzika mjomba wake, mbele ya watu wengi waliokuwa wamekwisha kuanza wimbo wa kushusha jeneza.

Ili kisa hicho kieleweke, yafaa kwanza ielezwe namna kimpumu kinavyonywewa. Kimpumu ni pombe ya ulezi, na katika vijiji vya Wanyiha na Wanamwanga hakimiminwi katika glasi. Ulezi uliochachuka hutiwa chunguni, maji ya moto huongezwa kutoka katika birika, kisha wanywaji hukaa duara na kila mmoja huchovya mrija wake. Kinywaji kikipungua, maji mengine ya moto humiminwa, na watu husubiri kwa mazungumzo mpaka ulezi utoe tena utamu wake. Wageni wengi hutumia mirija ya mwenye nyumba. Ferdinand alikuwa na wa kwake. Aliutengeneza kwa tete alilolikata kando ya mto Momba, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Kwenye ncha ya chini alisuka kichujio chembamba, na sehemu ya mdomo aliizungushia uzi uliopakwa nta, kwa kuwa alikuwa fundi wa kushona maturubai ya malori na uzi wa namna hiyo hakuukosa. Aliuhifadhi katika ala ya kitambaa, ndani ya koti lake.

Siku hiyo ya mazishi aliinama kushika kamba, na mrija ukachomoka ukatumbukia kaburini kabla ya jeneza kushuka. Mtu mwingine angeuacha. Ferdinand hakuweza, kwa sababu katika ukoo wao mrija wa mtu humfuata kaburini akishafariki, na kuuona wake umetangulia humo, yeye mwenyewe akiwa bado amesimama juu anapumua, kulimtia hofu kuu. Akawaomba waliobeba jeneza wasubiri. Akavua viatu, akashuka shimoni, akauokota, akaufuta vumbi kwa mkono wa shati. Watu wakanyamaza. Ndipo Lucky, kuli mmoja wa Tunduma aliyekuja na lori la wafiwa, aliponong'ona kwa sauti ambayo hakudhani ingefika mbali:

"Huyu siku ya kiyama atawaambia malaika wasubiri, amesahau mrija."

Watu walicheka msibani, jambo ambalo si la kawaida, na kicheko cha msibani hakisahauliki. Juma moja baadaye jina lilikuwa limekwisha kufika Tunduma. Madereva waliokuja kushonewa maturubai walimwulizia Mrija. Hata mhudumu wa kanisa, alipokuwa akisoma majina ya wanaume wa zamu ya kufagia uwanja, alikwama kidogo kwenye jina la Simkonda, akatabasamu, ndipo akaendelea.

Yunisi, mkewe, siku ile alikuwa upande wa wanawake, na hakucheka. Tangu binti yao wa pekee alipozaliwa alimwita mumewe Baba Brenda, na mji mzima ulipomwita Mrija yeye aliendelea na Baba Brenda lake, kana kwamba hilo jingine halijawahi kutamkwa duniani. Ferdinand alilizoea hilo la mkewe kama mtu anavyozoea mlango wa nyumba yake. Hakujua kuwa siku moja angelitamani kuliko chakula.

Pombe ilimwingia taratibu. Mwanzoni kilikuwa kimpumu cha Jumamosi. Kisha Jumamosi ikaanza Ijumaa. Kisha kikaja kile kinywaji kikali cha kienyeji kutoka upande wa Zambia, ambacho hakina mrija wala duara wala mazungumzo, na mwisho zikaja chupa ndogo za dukani alizozinunua asubuhi kabla ya kufungua karakana, ili mkono ukubali kushika sindano. Hakumpiga mtu. Hakuvunja kitu. Alikuwa hayupo tu. Siku ya posa ya Brenda, wageni walikaa, wakala, wakaondoka, nafasi ya baba ikiwa tupu. Ferdinand alifika kesho yake amevaa koti na tai, amenyoa ndevu vizuri, akauliza wageni wako wapi.

Asubuhi iliyofuata Yunisi alifunga mzigo wake kwa kanga mbili. Alisimama mlangoni, akasema: "Mrija, mimi nakwenda nyumbani."

Akaenda Iyula, kwenye shamba la kahawa aliloachiwa na marehemu baba yake. Ferdinand alikaa kitandani muda mrefu. Kuondoka kwake alikuwa amekutarajia. Jina lile, kutoka kinywani mwake, hakulitarajia.

Miaka miwili ikapita. Brenda, aliyeolewa Vwawa, alimpigia baba yake simu kwenye sikukuu na kumwuliza kama amekula. Nyumbani kigoda cha Yunisi kilibaki kando ya jiko, na Ferdinand hakukikalia wala hakukiondoa. Jioni nyingine, akiwa hajalewa sana, kilichomkosesha raha kilikuwa kitu kidogo mno: alikumbuka Yunisi alivyokuwa akichambua mchele, na sauti ya vijiwe vikidondoka kimoja kimoja kwenye kifuniko cha bati. Mara mbili alinunua mchele wenye vijiwe kwa makusudi, akakaa akauchambua mwenyewe. Haikuwa sauti ileile.

Kisha, mwezi wa tatu, gari la Iyula likamletea mzigo. Ndani yake mlikuwa na turubai la kijani, kubwa, lile ambalo Yunisi alilitumia kuikinga kahawa yake dhidi ya umande na manyunyu ilipokuwa ikikauka kwenye vichanja. Lilikuwa limepasuka katikati, mpasuko wa urefu wa mtu. Jioni ujumbe ukaingia katika simu: "Turubai limepasuka. Liwe tayari kabla kahawa haijaiva."

Ferdinand aliusoma ujumbe huo mara nyingi. Hakukuwa na Baba Brenda ndani yake. Lakini hakukuwa na Mrija pia. Mafundi wa maturubai wako hata Mlowo na Vwawa, karibu zaidi na Iyula, na Yunisi alilijua hilo.

Asubuhi alifungua karakana yake mapema, karibu na maegesho ambapo malori husubiri zamu ya kuvuka mpaka. Mkono ulikuwa ukitetemeka. Akanywa chupa moja ili utulie, kisha ya pili ili uendelee kutulia. Siku nzima alishona kwa furaha, akiimba. Alipoinuka kulikunjua turubai ili atazame kazi yake, halikukunjuka. Alikuwa ameshona tabaka mbili pamoja, mshono mzuri, ulionyooka, wenye nta, kutoka mwanzo hadi mwisho. Turubai lilikuwa limejifunga kama bahasha.

Aliyemkuta katika hali hiyo alikuwa mzee Athuman, dereva mstaafu, mwenyeji wa Tanga, aliyeendesha malori ya kwenda Zambia kwa miaka mingi na hatimaye akabaki Tunduma akiuza vipuri vilivyotumika. Alikuja kuulizia kipande cha turubai cha kufunikia bidhaa zake. Alishika pembe moja, akavuta, akashika nyingine, akavuta.

"Fundi, hili lina mlango upande gani?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeuliza mlango."

Ferdinand alijaribu kucheka, akashindwa. "Ni la mke wangu," alisema.

Mzee Athuman aliliachia turubai. Hakumhubiria, wala hakuuliza ni chupa ngapi, ijapokuwa zote mbili zilionekana chini ya benchi. Alikaa, akafuta miwani kwa ncha ya kanzu.

"Mimi niliwahi kufunga shehena ya saruji, nikaendesha mpaka Kapiri Mposhi," alisema. "Nilipofika, nikafungua. Sikuwa na shehena. Nilikuwa nimefunga turubai juu ya lori tupu, bwana, na saruji nimeiacha ghalani. Na sikukumbuka."

"Ukafanyaje?"

"Nikanywa. Ungefanyaje wewe?" Alivaa miwani. "Siku hizi tuna kikao. Jumamosi, saa tisa alasiri, mtaa wa Sogea, nyuma ya mashine ya kusaga yenye mlango wa bluu. Hatuna daktari wala mchungaji wala shehe. Ni sisi kwa sisi, tuliokunywa. Utakuta watu wamekaa duara, birika katikati. Usiogope, ni la chai."

Jumamosi Ferdinand hakunywa tangu alfajiri. Alivaa koti lake. Jasho lilimtoka ijapokuwa upepo wa Tunduma ulikuwa baridi kama kawaida yake. Alipofika Sogea aligundua kuwa mashine za kusaga zilikuwa tatu, na milango ya zote ilikuwa wazi imegeukia ukutani, hivyo rangi haikuonekana. Angeweza kuuliza. Lakini kuuliza kulimaanisha kumwambia mtu asiyemjua kwamba anatafuta kikao cha walevi, na ulimi ulikataa. Akapita nyuma ya mashine ya kwanza. Akaona watu saba wamekaa duara juu ya vigoda na magunia, na katikati, juu ya jiko la mkaa, birika kubwa jeusi likitoa mvuke.

Moyo wake ukatulia. Akasalimu. Wakasogea, wakampa nafasi. Aliketi, akaweka mikono juu ya magoti na, kabla ujasiri haujamponyoka, akasema maneno aliyoyafanyia mazoezi juma zima:

"Mimi naitwa Ferdinand. Nimekuja kwa sababu pombe imenishinda."

Mtu mmoja aliyekuwa amefunikwa na mvuke wa birika akainua kichwa. Alikuwa Lucky.

"Hata sisi imetushinda, ba Mrija!" alisema, akimpa ile "ba" ambayo Wabemba humpa mtu mkubwa. "Tunainywa kila siku na haiishi!"

Kicheko kilipasuka. Wakati huohuo mwanamke mwenye nyumba akatoka ndani amebeba chungu kwa mikono miwili, akakitua katikati ya duara, na Ferdinand akaelewa birika lile lilikuwa linachemshiwa nini.

Hakuna aliyemlazimisha, na jambo hilo ni haki lisemwe. Walimsogezea nafasi kwa wema, kama watu wanavyomfanyia mwenzao aliyepotea siku nyingi. Maji ya moto yakamiminwa, na harufu ya ulezi ikapanda. Ndani ya harufu hiyo mlikuwa na jioni zote za ujana wake: wajomba wakibishana kuhusu ng'ombe, baridi ikiwa nje na joto likiwa katikati ya magoti ya watu, mtu akisimulia jambo na wengine wakisema "enhe" bila kutoa mirija midomoni. Alitamani kukaa hapo kuliko alivyotamani kunywa. Mkono ulikwenda wenyewe ndani ya koti, ukautoa mrija katika ala yake.

Alivuta mara moja. Alivuta mara ya pili.

Kisha chungu kikapungua, mwanamke akaongeza maji, na kama ilivyo desturi wote wakaacha kunywa ili wausubiri ulezi. Ni muda mfupi tu. Ferdinand alikuwa ameuishi muda huo maelfu ya mara bila kuuona. Sasa, mrija ukiwa mkononi na hakuna cha kuvuta, alikaa ndani yake akiwa macho, na kilichomjia akilini ni turubai la kijani lililojifunga, na kahawa mbichi, huko Iyula, ikiwa inaongezeka unene kidogo kila siku bila kumsubiri mtu. Akasimama.

"Unakwenda wapi?" Lucky aliuliza. "Chungu ndiyo kwanza kinakolea."

"Nimepotea njia," alisema Ferdinand.

"Njia gani? Umefika!"

Alitoka bila kujibu. Safari hii alimsimamisha mwanamke wa kwanza aliyepita na ndoo, akauliza kwa sauti, na mwanamke yule akaonyesha kwa kidevu bila mshangao wowote: mashine ya tatu, chumba cha chekechea.

Kikao kilifanyika katika chumba cha watoto wadogo kilichoazimwa siku za Jumamosi. Viti vilikuwa vya watoto. Watu wazima kumi walikuwa wamekaa juu yake, magoti yakikaribia kugusa videvu, chini ya mchoro wa tembo na herufi T. Katikati kulikuwa na birika.

"Huyu ananuka ulezi," alisema mwanamke mmoja mnene mwenye kitambaa cha njano kichwani.

"Ndiyo, Nesta. Ametoka njiani," alijibu mzee Athuman, akavuta kiti kimoja. "Aliyekunywa leo hukaa na kusikiliza. Wiki ijayo ataongea. Mpe chai."

Ferdinand alibaki wima. "Mzee, nimeingia kwa jirani. Niliona duara, nikaona birika. Nikawaambia kuwa pombe imenishinda."

"Umewaambia wale wa kimpumu?" Nesta aliuliza. "Pale kwa akina Lucky?"

"Nilidhani ni ninyi."

Nesta aliweka mkono mdomoni. Kisha akacheka mpaka kiti cha mtoto kikalia chini yake, na wengine wakamfuata, na hata Ferdinand, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Itaka, akacheka pamoja na waliokuwa wakimcheka. Akaketi. Kikombe kilikuwa cha moto, na alikihitaji kwa mikono yote miwili.

Alisikiliza. Nesta alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kati ya Tunduma na Nakonde. Alisema kuwa zamani alificha chupa ndani ya robota na kunywa akiwa amesimama, siku zote amesimama, ili hata mbele ya nafsi yake asihesabiwe kuwa amekaa kunywa. Mzee Athuman alisema kuwa alikuwa akisukutua mara tatu, akaingia msikitini, akachagua safu ya nyuma karibu na mlango. "Watu wakanisifu, wakasema mzee huyu ni mnyenyekevu. Ndugu zangu, nilikuwa naikimbia pumzi yangu mwenyewe." Wengine walisema machache. Mmoja hakusema kitu, alilia kidogo, akashukuru, na hakuna aliyemharakisha. Mtu alipozungumza, wenzake waliitikia "enhe". Ferdinand aliisikia "enhe" hiyo, akaitambua. Alidhani imebaki kwenye chungu.

Walipokuwa wakirudisha viti, aliutoa mrija koti likiwa limefunguliwa, akamnyooshea Nesta aliyekuwa karibu.

"Dada, niwekee huu."

Nesta alirudi nyuma hatua mbili. Yeye ni Mnamwanga, na desturi ya kumzika mtu na mrija wake haikuwa ngeni kwake. "Niupokee mrija wa mtu aliye hai? Unataka nikuzike, kaka? Mimi siushiki!"

"Basi nitautupa."

"Ukiutupa utaurudia. Nani hajarudia jalala?"

Mzee Athuman, ambaye kwao Tanga hakuna mirija wala miiko yake, aliutwaa mkononi bila wasiwasi, akautazama mshono wa nta. "Kazi nzuri sana," alisema. "Nitaweka kwenye droo ya vipuri. Na kwa kuwa wenyewe mnasema mrija hautoki mkononi mwa mtu mpaka afariki, basi tuseme Mrija amefariki leo, saa kumi na moja. Mazishi hayana pilau." Akageuka. "Ferdinand, wewe wiki ijayo unakuja?"

"Nakuja, mzee."

Akaja wiki hiyo, akaja na iliyofuata. Isidhaniwe kuwa njia ilikuwa tambarare. Siku za kwanza hakulala, na Nesta alimlazimisha kwenda zahanati, akamsindikiza mwenyewe, kwa maelezo kuwa kuacha ghafla bila kutazamwa ni hatari kwa mwili uliozoea. Mchana Lucky alipita karakanani akipiga kelele: "Ba Mrija, chungu kinakuuliza!" Ferdinand alijibu, "Kisalimie." Alisema kweli, alikuwa anakisalimu. Jumatano moja alijikuta amefika nyuma ya mashine ya kwanza, akiwa hajui miguu ilianza safari saa ngapi. Alimpigia simu mzee Athuman.

"Uko wapi?"

"Nasikia vicheko vyao."

"Kaa hapohapo. Usiingie, usirudi. Nakuja."

Mzee alifika akihema. Walitembea mpaka nyumbani kwa Ferdinand, na mzee alitaka kukaa kwenye kigoda kilichokuwa kando ya jiko, akautazama uso wa mwenyeji wake, akaketi chini kwenye mkeka.

Kazi ya turubai iliendelea katika siku hizo. Kwanza ilibidi kufumua. Mshono aliouweka akiwa amelewa ulikuwa imara kuliko alivyoweza kuukumbuka, na kila tundu lililobaki baada ya kufumua lilihitaji kuzibwa, la sivyo maji yangepita. Alifumua kidogo kila jioni, kwa wembe na subira. Mkono ulipokataa, aliuacha. Ulipokubali, aliendelea. Kisha akakata kiraka cha turubai jipya na kuanza kukishona, mistari miwili sambamba, kama anavyowafanyia madereva wa safari ndefu.

Mwishoni mwa mwezi wa nne Yunisi alipiga simu. Ferdinand alitoka nje ili asikie vizuri.

"Mvua zimekaribia kwisha," Yunisi alisema. "Kahawa imeanza wekundu. Turubai je?"

"Bado kidogo. Nililikosea, nikalifumua."

Nyuma ya Yunisi kulisikika kuku, na mtu akikata kuni.

"Yunisi, naenda mahali siku za Jumamosi. Tunakaa watu..."

"Sijakuuliza hayo."

"Najua."

"Brenda ameniambia. Alisema wewe ndiye uliyempigia, si yeye aliyekupigia. Alisema sauti yako alikuwa ameisahau."

Ferdinand alitaka kusema maneno mengi. Kwenye vile viti vya watoto alikuwa amejifunza kuwa maneno mengi ni namna nyingine ya kulewa. Akangoja.

"Utalituma kwa gari?" Yunisi aliuliza.

"Ukiniruhusu, nitalileta mwenyewe."

Shoka la kule Iyula lilipiga mara tatu, mara nne.

"Sijasema narudi," alisema Yunisi. "Ulisikie hilo vizuri. Sijasema."

"Nimelisikia."

"Uje mchana. Nikuone ukiwa unatoka mbali, unavyotembea." Akakata.

Hakuwa amemwita kwa jina lolote. Ferdinand alisimama uani na simu sikioni, akasikiliza mahali ambapo jina lingekuwa. Usiku huo alilikumbuka jinsi lilivyotamkwa zamani, lile Baba Brenda la kumwita kutoka jikoni, la kuuliza chumvi iko wapi, la kumkanya, la kumcheka. Yunisi hakuwa na sauti moja ya kulisema, alikuwa nazo kumi. Ferdinand alitamani walau moja, hata ile ya kukanya. Akafahamu pia kuwa huenda asiipate. Inawezekana atembee ile njia ya Iyula na turubai begani, kwa miguu iliyonyooka, na Yunisi atazame, aseme asante, na kulipokea kama mteja. Aliwaeleza hayo wenzake Jumamosi, zamu yake ilipofika.

"Na ikiwa hivyo?" Nesta aliuliza.

"Kahawa yake itakuwa imekingwa," alisema Ferdinand.

"Enhe," walisema.

Ijumaa iliyofuata, saa nne asubuhi, alikuwa karakanani. Gari la Iyula lilikuwa la saa tano. Malori yalikuwa yamesimama katika foleni yao, na Lucky, juu ya shehena ya jirani, alikuwa akipiga mluzi. Sehemu iliyobaki ya mshono haikuzidi kiganja. Ferdinand alipaka uzi nta, akautia katika tundu la sindano kwa mara ya kwanza bila kukosa, akashona. Tundu kwa tundu alifika ukingoni. Alirudi nyuma mishono mitatu ili ushike, akafunga fundo, akakata uzi kwa wembe.

Halafu akalikunjua turubai. Lilikunjuka lote, pembe nne, kijani juu ya vumbi. Akafunga pembe zake kwenye nguzo na kwenye benchi ili katikati padidimie, akachukua birika la maji baridi lililokuwa kando ya ukuta, akamimina yote juu ya kiraka. Maji yalikusanyika yakatengeneza bwawa dogo linalotikisika. Ferdinand alipiga magoti, akaingia chini ya turubai, akapitisha kiganja chake polepole kwenye mshono wote, mwanzo mpaka mwisho na mwisho mpaka mwanzo, kisha akakitazama.

Kilikuwa kikavu. Akatoka, akamwaga maji, akalipangusa turubai kwa kitambaa, akalikunja mara nne, akalifunga kamba.